Nilizaa kwa Ubavu

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepunguza ukorofi. Huku kwetu hatujambo. Mtoto ananyonya kama ana kesi na mimi, na baba yake siku hizi anamvalisha nepi bila kuita watu.

Salamu zako zimenifikia. Na yale maneno mengine nayo yamenifikia, maana katika ukoo wetu maneno hayapotei njia. Nasikia umewaambia shangazi zangu kwamba mimi sikuzaa, nilizalishwa usingizini. Kwamba mtu anayechomelea mageti mchana kutwa, cheche zikimrukia, ameshindwa na uchungu wa siku moja. Kwa heshima zote, Mama, sasa sikia habari kutoka kwa mwenyewe.

Ni kweli nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni. Niliiomba mimi, kwa sauti, wala sikushikiwa fimbo. Uchungu ulikuwa umenikamata tangu alfajiri na njia bado haijafunguka vya kutosha. Ganzi ilipokolea, maumivu yakabaki kama mtu anayenisukuma kwa kiganja. Miguu ilikuwa mizito kama si yangu, lakini macho yalikuwa wazi na akili ilikuwa yangu yote.

Wakati wa kusukuma ulipofika, daktari wa zamu aliagiza nilale chali, miguu ipandishwe kwenye vyuma. Mimi nilikuwa nimeshamdodosa mkunga mapema, naye alinieleza kwamba kwa aliyechomwa ganzi kama mimi, kulala ubavu huwasaidia wengi kusukuma wenyewe, mtoto asivutwe kwa mashine. Basi nikasema nitalala ubavu. Daktari akasema chali ndivyo walivyozoea. Nikamuuliza mapigo ya moyo wa mtoto yakoje. Akatazama, akasema ni mazuri.

Nikamwambia, "Basi zoea na hii, daktari. Anayezaa ni mimi."

Mkunga aligeukia ukutani. Nadhani alikuwa anacheka. Wakanigeuza kama gunia, ubavu wa kushoto, na mume wangu akaubeba mguu wa juu huku jasho linamtoka kuliko mimi. Mkunga aliweka mkono tumboni, kila likikaza ananiambia nisukume. Nilisukuma hadi taya zikauma. Kisha nikamwona daktari anaisogeza ile mashine karibu na kitanda, na hapo, Mama, niliogopa. Nikamwomba muda kidogo. Akasikiliza mapigo tena, akakubali. Nikasukuma kwa hasira zote nilizowahi kuzikusanya, kichwa kikatoka, halafu mtoto mzima, naye analia kama amedhulumiwa. Mashine ikarudishwa haijaguswa. Usingizi gani huo?

Sasa lipo jambo jingine, na hili lisome umekaa. Binti yako, anayetarajia kujifungua mwezi ujao, amekuwa akija kwangu. Ameniuliza yote, nami nimemwambia yote. Tulipanga mito kitandani kwangu, nikamwonyesha namna ya kulala. Ameshazungumza na mkunga wake kwamba uchungu ukimzidi ataomba sindano. Wewe hajakwambia kwa sababu ameyasikia uliyonisema mimi. Sikumshawishi, lakini kuomba radhi kwa kumjibu, hilo sitalifanya. Na akirudi kesho kuuliza tena, nitamjibu tena.

Kaniomba nikufikishie na jambo moja zaidi, maana yeye mwenyewe ulimi unamwia mzito. Mkunga wake alipomuuliza nani ataingia naye leba, hakumtaja mumewe, wala mimi. Alikutaja wewe.

Nenda, Mama. Mshike mkono, na maneno yaache koridoni.

Nisalimie Baba Mdogo na wote wanaouliza. Na wale wanaosema bila kuuliza wasalimie pia, waambie mzazi hajambo.

Mimi mwanao,
Fundi Mageti