Matundu Niliyoyaziba kwa Ufundi Wangu

Jumanne. Mvua tangu jana, kuni zimelowa, tanuri limenuna. Mimi sijanuna. Kutoka hapa Usagara mpaka Magu fundi wa vyungu na majiko ni mimi, wengine wanachezea matope tu.

Soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje na sahani za plastiki zikamwagika kila duka, watu walisema nimekwisha. Waje waone: siku hizi natengeneza mifupa!

Sawa, nimetia chumvi. Mifupa ni ya Daktari Nasim, binti wa wale Wahindi wenye duka la vitambaa mjini. Yeye huchovya vipande vya sponji ya godoro kwenye uji wa unga wa mifupa ya ng'ombe, kisha huvichoma. Sponji inaungua, kinabaki kigae cheupe chenye matundu kama mkate. Kikiwekwa penye pengo la mfupa, mfupa mpya unatambaa humo ndani. Ataanza na mbuzi, Ijumaa hii. Tanuri lake la umeme limelazwa na mgawo, ndiyo akaniletea vipande sita, vya mwisho alivyonavyo, nivipake uji mwingine na kuvichoma.

Alisema nipake mara moja, wepesi.

Nikapaka mara tatu.

Jamani, miaka yote hii chungu chenye tundu nakitupa! Nikavilainisha kwa kidole mpaka vikawa kama mayai. Jana nilitaka kuvichoma kabla hajaja, akute kazi imekwisha, ashangae. Mvua ikakataa.

Leo kaja, kachukua kimoja, kakipuliza. Mashavu yakamvimba, pumzi haikutokea upande wa pili.

"Fundi, mfupa utapitia wapi?"

Niseme ukweli, maana nikidanganya hata humu daftarini, nitasema kweli wapi? Nilitaka kumsingizia mke wangu. Mdomo ulishafunguka. Nikaukumbuka mguu wangu wa kushoto, uliovunjika machimboni. Mfupa ulipungua kipande, tangu hapo natembea kama nacheza ngoma.

"Ni mimi, daktari. Niliyaonea aibu yale matundu."

Akacheka mpaka akakalia jiko bovu. "Bahati yako hujawasha moto. Lete maji."

Tumeviosha mchana kutwa, tundu kwa tundu. Nikavipaka upya, mara moja, na kabla uji haujakauka nikavipuliza kwa pampu ya baiskeli. Hiyo pampu hakunifundisha mtu. Daktari kaiandika kwenye daftari lake! Alipopuliza tena, majivu ya tanuri yaliyokuwa upande wa pili yakaniruka usoni. Sijawahi kufurahia majivu namna ile.

Sasa kuni zinakauka jikoni, mke wangu analalamikia moshi. Hajui alivyoponea chupuchupu.

Asubuhi nawasha tanuri, mvua ipende isipende. Na siku mbuzi yule atakaposimama kwa miguu yote minne, nitampa shikamoo, mimi na utu uzima wangu.

Sijui ataitikia?