Soketi Niliyoizima Bungoma

Mama Wanjiru mpendwa,

Hamjambo hapo Matisi? Huku Bungoma mvua ni nyingi na kuku ni mtamu, lakini nimemharibia Wanjiru kazi yake.

Jana alinionyesha maabara ya chuo chao. Ana vichupa vya maji yenye chembe za dhahabu, ndogo hata jicho halizioni. Chembe zikiwa za mviringo, maji huwa mekundu kama divai ya kanisani. Zikirefuka kama vijiti, mwanga huzipiga vingine na maji huonekana ya buluu. Hivyo vijiti ndivyo mwalimu wake alitaka kuviona leo. Vilikuwa vikikua ndani ya beseni la umeme lenye maji ya vuguvugu, kwa kuwa vichupani mna sabuni ambayo huganda ikipoa.

Tulipotoka kwenda kula, mimi nikiwa wa mwisho, nikazima soketi kama ninavyofanya nyumbani. Mvua ikatufungia hotelini hadi jioni. Tuliporudi, vichupa vilikuwa vimepoa na kuganda vyeupe, kama mchuzi wa mafuta uliolala. Dhahabu yake yote ilikuwa humo.

"Baba, si ungeniuliza tu?" alisema, kisha akanivutia kiti nikae. Afadhali angenigombeza.

Leo amekwenda kwa mwalimu mikono mitupu. Nimeliandika kosa hilo kwenye shajara, pamoja na tarehe.

Akikupigia simu, mpe pole, usinitetee. Na ile balbu ya kuwapa vifaranga joto, ambayo nakukemea kila asubuhi kwa kuiacha ikiwaka, iache iwake.

Wako anayekukumbuka,
Baba Wanjiru