Kitabu Kilichokaa Kabatini

Mama yako amekuwa mwalimu mkuu, hapa hapa Chamwino. Marahaba, mjukuu wangu Neema, shikamoo yako nimeipata. Sisi wazima, na mtaa mzima nimeshautangazia.

Umeniuliza uwanunulie watoto unaowafundisha nyumbani kifaa gani cha kusomea vitabu, cha bei kubwa au cha kawaida. Zamani, madukani vitu vilipoanza kujaa, mama yako alikuwa bado hajui kusoma. Nikamnunulia kitabu kizuri kuliko vyote katika maduka ya Ipagala, nikakiweka kabatini juu ya kitambaa, wageni wakione.

“Usikiguse, mwanangu, utakichafua.”

Kusoma akajifunzia kwenye kitabu chakavu cha jirani, chenye mafuta ya maandazi.

Nunua ambacho kikianguka hutawagombeza. Nataka wanisomee mbele ya wageni siku tutakayomchinjia mama yako mbuzi. Njooni wote, Jumamosi baada ya Pasaka.