Kaburi la Mihayo, Korogwe

Shikamoo shangazi yangu wa Urambo,

Mimi niliyefika Nairobi na Lusaka nimezidiwa utani na bibi wa Korogwe! Nilisimama penye kibao cha makaburi ya manamba, wale wakata mkonge wa zamani, nikimweleza kila anayepita historia ambayo hata mimi siijui vizuri. Bibi mmoja wa Kizigua akaacha kupalilia kaburi, akaniuliza kabila. Nikajigamba, "Mnyamwezi!"

"Mtani! Mizigo ya watu mnabeba, maiti zenu mnatuachia sisi!" Akashika kiuno. "Huyu ni mume wangu, Mihayo. Alikufa akisema watu wake watakuja. Mpaka leo hajaja hata mbwa wenu."

Shangazi, nilimwomba anipishe. Nikachukua jembe, nikapalilia, nikamwamkia marehemu "mwangaluka", maana Kinyamwezi changu kinaishia hapo. Bibi akalia, kisha akacheka ninavyoshika jembe.

Tafadhali ulizia huko ni ukoo gani ulipotelewa na Mihayo aliyekwenda kwenye mkonge. Waambie amelala pasafi, na huku wana bibi mwenye mdomo kama wako.

Mungu akutunzie magoti yako.

Mwanao mtembezi