Somo Nililompa Gedion

Kambini, 9 Februari 2024

Mama mpendwa,

Nakusalimu wewe na dada Kanini na wote hapo Kasikeu. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi ni mzima, isipokuwa mikono imepasuka kwa simiti.

Uliniuliza habari za Gedion wa Wayua. Nilimwahidi mama yake nitamwangalia, na nimejaribu. Tangu afike Oktoba amekuwa mtu wa kunyamaza. Anafunga vyuma vya zege siku nzima bila neno, akirudi chumbani kwetu anageukia ukuta. Nimeona watu huku ughaibuni wakianza hivyo, Mama, na mwisho wao haukuwa mzuri. Kwa hiyo nilimwingiza kwenye gemu.

Ni mchezo wa simu. Watu wanane mnaingia pamoja kupigana na jitu moja kubwa, kila mtu na kazi yake: mmoja anapokea mapigo, mwingine anatibu, wengine wanapiga. Mimi ndiye ninayefundisha wanaoanza, kila Ijumaa baada ya chakula, maana siku hiyo hatuendi kazini. Tuko Wakenya watatu, Wanepali wanne na Mganda mmoja. Huko Gedion anaongea. Hata anacheka.

Lakini anatuua. Jitu likikuwekea duara jekundu miguuni, unawaka moto, na aliye karibu nawe anaungua. Inabidi ukimbie mbali, ukae peke yako mpaka uzime. Gedion akiwaka anakimbilia watu. Kila mara. Wiki sita tunakufa kwa sababu yake, na wenzake wanataka nimtoe. Nimemfokea mpaka sauti ikakauka. Nikimtoa, atarudi kule ukutani. Nifanye nini?

Mwanao,
Kisilu

Kasikeu, 21 Februari 2024

Mwanangu Kisilu,

Tumepokea salamu zako. Mgongo ni ule ule, lakini jembe nashika. Ndengu tumepura. Kanini ataipiga karatasi hii picha akutumie, maana mimi na vile vibonye vya simu hatuelewani.

Nimecheka kwanza, mtu mzima mwenye ndevu anapigana na jitu ndani ya simu. Kisha nikasoma tena nikaacha kucheka.

Gedion hana kosa. Alipokuwa mdogo nyuki walitoka kwa mzinga wa Mutisya wakamfuata. Alikimbia moja kwa moja mpaka kwetu akina mama tuliokuwa tunachimba, akaingia chini ya leso ya Wayua, na sisi sote tukaumwa. Hakuna aliyemgombeza. Ndivyo tulivyowalea: ukipatwa na jambo, njoo kwa watu.

Na wewe unafundisha vibaya. Kwenye mwethya wetu, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, tukichimba mitaro ya fanya juu ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji, anayeanza hatumwachi mwisho wa mstari ahangaike. Tunamweka katikati ya wawili wanaojua, aone jembe linavyoinuka. Siku hiyo tunampa kitu kimoja cha kujifunza. Akikosea hatumtaji jina mbele ya watu, anaulizwa pembeni, "Umeona nini?" Na hatumrudishi nyumbani hata awe mzito kama gogo. Usimtoe.

Wayua anakusalimu. Jumapili alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa ajili yako.

Mama yako

Kambini, 22 Machi 2024

Mama,

Salamu nyingi. Mvua imeanza huko? Mgongo, je?

Tumeliua jitu. Niliacha kufoka, nikamweka Gedion katikati yangu na yule Mganda. Nikampa kitu kimoja: miguu yako. Usipige, usitibu, tazama miguu tu. Tukifa namwita pembeni, "Umeona nini?" Mara ya kwanza alisema hakuliona duara. Mara ya tatu alisema aliliona, ila aliogopa kuwa peke yake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikamwambia, "Ukiwaka, usituletee. Nenda ukutani ungoje. Huko ndiko kutupenda." Tulifanya mazoezi hata bila simu, pale uwanjani. Nikipiga kofi anakimbia mpaka ukutani anasimama. Watu walidhani jua limetuharibu.

Ijumaa iliyopita aliwaka mara nne, na mara zote nne alikwenda. Jitu likaanguka. Alilia, mtu wa miaka ishirini na tatu, na Wanepali wakambeba juu juu. Sasa ndiye anayefundisha wageni wawili waliojiunga. Ana subira kunishinda.

Jambo moja baya. Chumba cha jirani mtu mmoja alipatikana anakohoa damu, wakasema ni kifua kikuu, na wote kumi wakarudishwa kwao, mgonjwa na wazima. Tuombeeni.

Mwanao,
Kisilu

Kasikeu, 28 Aprili 2024

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Sisi tupo. Mvua ilinyesha siku nne ikaenda zake.

Wayua anasema Gedion hajapiga simu Jumapili tatu. Mtazame, kisha uniambie.

Mama yako

Kasikeu, 12 Mei 2024

Kisilu,

Sina salamu ndefu. Hujajibu. Wayua amekuja hapa mara mbili wiki hii, anakaa tu. Nenda ukamwone Gedion kwa macho yako, leo.

Mama yako

Kambini, 24 Mei 2024

Mama,

Sijui nianzeje kukusalimu. Wakala aliyetuleta kazini ameshawapigia, kwa hiyo mnajua. Nakuandikia yale ambayo wakala hayajui.

Aprili Gedion aliacha kuja Ijumaa. Alisema amebadilishiwa zamu na chumba. Niliudhika. Nilifikiri amejua kucheza, sasa anatudharau, nikamweka mwingine mahali pake. Barua yako ya Aprili niliisoma nikasema nitamwona kesho. Kesho ikawa wiki mbili. Ile ya Mei ndiyo iliyonisimamisha.

Nilimuuliza msimamizi, akasema hakuna zamu wala chumba kilichobadilishwa. Nilimkuta nyuma ya stoo, chini ya mabati, na blanketi na chupa ya maji. Alikuwa akikohoa wiki tano. Mchana anafunga vyuma, akitoka kazini anaenda kujificha huko. Alikuwa amebaki mifupa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajaribu kucheka.

"Si wewe ulisema nisiwaletee?"

Aliogopa sisi kumi wa chumbani turudishwe kwa sababu yake. Nilimbeba mgongoni mpaka getini. Siku ya tatu hospitalini alikufa.

Daktari alisema ilikuwa nimonia ya kawaida, si kifua kikuu. Angekuja mapema angepona kwa dawa, na hakuna ambaye angerudishwa.

Kisilu

Kasikeu, 16 Juni 2024

Mwanangu Kisilu,

Unakula? Unalala? Nijibu hayo kwanza.

Tulimzika Gedion Jumamosi iliyopita. Mwethya wote tulikuwepo, tukapika, tukafua, na Wayua hatujamwacha peke yake hata siku moja.

Sikwambii huna hatia, maana utajua nakudanganya. Na mimi pia nilikuonyesha namna ya kumfundisha. Nimelibeba hilo kutoka kaburini na bado ninalo.

Kila siku Wayua anauliza kwa nini mwanawe alilala peke yake na watu wa kwao wako pale. Mimi siwezi kumjibu. Nikimjibu itakuwa umbea. Mpigie wewe.

Mama yako

Kambini, 5 Julai 2024

Mama,

Nakula. Kulala bado.

Nilimpigia Wayua Jumapili. Nilimwambia yote: duara, ukuta, yale mazoezi ya uwanjani, na maneno niliyomwambia. Kisha akasema, "Usinipigie tena, Kisilu. Lakini hao wengine, nenda ukawafundishe upya." Akakata.

Gemu sikuwa nimeifungua tangu Mei. Leo niliwaita wote, pamoja na wale wageni wawili aliowafundisha Gedion. Kwa Kiingereza changu kidogo na chao kidogo niliwaambia kwamba kuanzia leo anayewaka aje katikati yetu. Mmoja wa wale wawili akasema Gedion aliwafundisha kinyume. Nikasema najua. Akasema tukifanya hivyo tutakufa wote. Nikasema hilo pia najua.

Tukaingia. Jitu likamchagua huyo huyo aliyesema. Akageukia ukutani, kisha akaja katikati yetu.

Mwanao,
Kisilu