Utulivu wa Siku ya Wageni

"Mgonjwa akishatulia, kazi yetu imekwisha." Ndivyo alivyosema mratibu wetu jana mkutanoni, na timu yangu nzima ikatikisa vichwa kukubali. Si kweli. Hata samaki kwenye beseni la sokoni ametulia, na hakuna anayempongeza.

Leo ni Jumanne, hapa mjini Baraka. Mvua imekatika mchana. Hasira yangu bado.

Ninaongoza timu inayowatembelea majumbani watu wenye ulemavu na wenye maradhi ya akili. Aliyekuwa akisifiwa jana ni Mama Apendeki wa Lubondja. Alhamisi atapelekewa wageni kutoka Bukavu waone mtu aliyepona, kisha tuache kumtembelea.

Mimi namfahamu Apendeki. Alikuwa akiuza mawese, na mnunuzi aliyejaribu kumpunja alirudi nyumbani na matusi mengi kuliko mafuta. Kisha akaugua, akawa anasikia sauti, akalala porini. Dawa ilimrudisha. Ninaliandika hilo wazi, maana wapo watakaotumia maneno yangu kuzipiga vita dawa. Ilimrudisha pamoja na ulimi wake.

Lakini miezi hii ya karibuni, kila tukifika tunamkuta kitini, kitenge kimepigwa pasi, kichwa kinaning'inia, mate pembeni mwa mdomo. Tukimwuliza hali, shemeji yake Etumba anamjibia. Timu yangu inaondoka ikisifu usafi wa nyumba.

Kitenge ndicho kilichonitia shaka. Nani humpigia pasi mtu anayeshinda amelala?

Nikafikiria adabu yetu. Siku moja kabla ya kila ziara tunapiga simu, ili wenyeji wasifedheheke. Basi leo sikupiga. Nilichukua pikipiki, nikafika Lubondja na matope hadi magotini.

Apendeki alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, huku akigombana na muuza chumvi. Aliponiona alicheka, akauliza kama nimefukuzwa kazi, maana wakubwa hawaji bila simu. Nikamwuliza kwa nini siku zetu huwa amelegea vile.

"Mulamu ananipatiaka dawa mara mbili siku ya kuya kwenu," akasema juu ya shemeji yake, bila kuacha kutwanga. "Eti bageni basisikie kinywa yangu. Kama banaogopa kinywa yangu, bameze benyewe ile dawa."

Muuza chumvi alicheka mpaka akaweka mzigo chini.

Etumba alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Nilitarajia akane, na nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Hakukana. Alisema kwamba siku za mwanzo Apendeki alimwita mmoja wetu mvivu mbele ya majirani, timu ikaondoka imenuna, naye akaogopa tutaacha kuleta dawa. Kisha akaniangalia usoni, akaniita kwa cheo changu.

"Mama Chef, ni ninyi mulisema mugonjwa muzuri ni ule anatulia."

Mimi ambaye hujibizana hata na redio, nilipanda pikipiki.

Wakati wa kurudi nilipitia kituo cha afya. Kesho muuguzi atakwenda kumpima Apendeki na kumweleza Etumba upya: kipimo cha dawa ni kile kile kila siku, hata tukija na gavana.

Kinachoninyima raha sasa ni nyumba nyingine tulivu. Yule kijana wa Nundu anayetabasamu tu. Yule mama mzee wa Ubwari ambaye hajawahi kulalamika hata mara moja. Nani ametulia, na nani ametulizwa? Jana ningejibu haraka. Leo simwamini yeyote anayeufurahia utulivu huo, kwa sababu unatupunguzia kazi sisi, na mimi mwenyewe nimo.

Wenzangu wa timu, najua mnausoma ukurasa huu. Acheni simu za kutangaza ziara. Ndugu mratibu, usiliondoe jina la Apendeki kwenye orodha ya ziara mpaka yeye mwenyewe aseme kwamba ametosheka nasi.

Nanyi wageni wa Bukavu: Alhamisi kaeni mkekani kwake, mumwulize yeye, si shemeji yake. Akiwatukana, msiondoke mpaka amalize.