Makali Yakitazama Juu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba shikamoo hii ikukute umekaa, tena kwenye kiti chenye egemeo, maana najua ukisimama hukai tena mpaka kazi iishe. Mgongo unasemaje? Usinijibu kwamba mgongo hausemi. Mdogo wangu ameniambia unasema kila asubuhi ukiinuka kitandani, na yeye anausikia kutoka chumba cha pili. Na mguu wa kushoto, bado unakufa ganzi?

Sisi huku hatujambo. Mume wangu anakusalimu sana. Mjukuu wako Kibonge ameota jino la tatu na ameanza kutambaa, ila anatambaa kinyumenyume. Akiona kitu anakitaka, anajitahidi, na kadiri anavyojitahidi ndivyo anavyozidi kukiacha mbali, basi analia. Jirani yetu anasema huyu atakuwa dereva wa lori, kwa sababu amejua kurudi nyuma kabla ya kwenda mbele.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Mama, usinikasirikie, lakini kwenye simu wewe hukatiza. Nikisema neno moja umeshajibu matatu. Barua haikatizwi. Vaa miwani, soma polepole, na usiruke kwenda kutazama mwisho kama ulivyozoea.

Nilikuambia tulihamia chumba kilicho nyuma ya tanuri la mikate, na kwamba mume wangu alipata pa kuweka mashine yake ya kuchomelea vyuma hapo hapo uani. Sikukuambia kwamba mimi nami nilipata kazi. Mwoka mikate anatumia kuni, na mdomo wa tanuri lake ni mdogo. Kila ukuni lazima uwe na urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na unene usizidi kifundo cha mkono wangu. Ukizidi, moto unanung'unika, moshi unarudi, na mikate inanuka kama koti la mlinzi. Mtu aliyekuwa akimpasulia alihama, nikasema nitapasua mimi. Mwoka mikate alinitazama, akamtazama Kibonge mgongoni kwangu, akauliza kati yetu wawili mpasuaji ni yupi. Nilimwambia mimi ni binti wa mwanamke anayepasua kuni za jiko la shule tangu sijaota meno. Akasema haya, jaribu wiki moja, ila huyo mwenye mashavu asikae karibu na vibanzi.

Wiki hiyo nilipasua kama wewe. Gogo chini, miguu mbali, shoka juu ya kichwa, haya shuka. Siku ya tatu sikuweza kumnyanyua mtoto. Nilimnyonyesha nimejilaza ubavu sakafuni, machozi yakanitoka, na si ya maumivu peke yake. Nilikuwa nimekukumbuka wewe ulivyokuwa ukijilaza vile vile mkekani, ukituambia unapumzisha macho.

Mume wangu aliona. Kesho yake alikaa juu ya kopo la rangi akanitazama nikipasua kama mtu anayetazama mpira. Baadaye akasema kazi yenyewe ya kupasua ni ndogo, inayoniua ni kuinama. Nainama kuweka gogo, nainama kulisimamisha likianguka, nainama kung'oa shoka likinasa, nainama kuokota vipande vilivyoruka. Alisema kwa gogo moja nimeinama mara sita. Nilikasirika, nikamwambia anayejua kuhesabu aje ainame. Alikuja. Baada ya magogo manne alirudi kwenye kopo lake akasema hapa lazima kitu kibadilike, wala si mke.

Tukaanza kidogo kidogo. Tulitafuta kisiki kipana cha kunifika magotini, tukakipigilia tairi kuukuu juu yake. Gogo linasimama ndani ya tairi, na likipasuka vipande vinabaki vimesimama humo humo, haviruki, havianguki. Ukimaliza unavikumbatia vyote pamoja. Mwoka mikate alicheka akasema tumekivisha kisiki kiatu, kimebaki kuoa. Tulitengeneza pia jukwaa la kukatia kwa msumeno, miti miwili imepishana huku na miwili kule, gogo linalala katikati, usawa wa kiuno. Siinami tena kukata.

Halafu, Mama, kuna hili utakalobisha. Wewe ulinifundisha gogo likauke kwanza ndipo lipasuliwe. Seremala wa jirani alinikuta nahangaika na gogo lililokaa juani miezi mitatu, shoka linadunda tu. Akaniuliza nani alinipa adhabu hiyo. Nilisema mama yangu. Akaomba radhi kwanza, halafu akasema magogo ya aina hii hupasuliwa yakiwa mabichi, kisha vipande ndivyo vinavyokaushwa, tena vinakauka upesi kuliko gogo zima. Akasema nisianzie moyoni mwa gogo, nianzie pembeni, nilizunguke kama ninayemenya kiazi. Penye kifundo cha tawi niweke kando, nisishindane nacho. Nilijaribu ili nije nikuambie kwamba seremala ni mwongo. Si mwongo, Mama. Miaka yote hiyo tulikuwa tukiyangoja magogo yawe magumu ndipo tuanze kupigana nayo.

Kilichobaki ni zile kuni nyembamba za kuwashia. Hizo ndizo za hatari, maana unashika ukuni kwa mkono mmoja na shoka kwa mwingine, na vidole havioti mara mbili. Hapo mume wangu akageuza kazi kichwa chini. Alisema shoka lisipande wala lisishuke. Likae tu, makali yakitazama juu, ukuni ndio ukae juu yake, na mimi niugonge ukuni kwa nyundo. Alizungushia makali pete nene ya chuma ili ukuni usimame wenyewe na vidole vyangu vibaki nje.

Kifaa cha kwanza kilikuwa kichekesho. Pete ilikuwa finyu, vipande vikabanana humo kama watu mlangoni, ikabidi tuvigonge kutoka chini. Cha pili kilikuwa huzuni. Alichomelea kichwa cha shoka moja kwa moja kwenye fremu ya chuma inayokishika, moto wa mashine ukaulegeza ule ugumu wa chuma, na mapigo kumi tu makali yakajikunja kama ukucha uliolowa. Fundi mzima alishika kichwa, akasema hata mwanafunzi wa wiki moja asingefanya hivyo. Alilikata shoka kutoka kwenye fremu, akalipasha moto upya, akalizamisha kwenye mafuta machafu ya gari ili ugumu urudi, akalinoa, na safari hii akalifunga kwa bolti mbili bila kuligusisha mashine.

Cha tatu ndicho ninachotumia. Nakaa kwenye kigoda, naweka ukuni, nagonga mara mbili au tatu, nyundo haipandi hata kufika bega, na ukuni unaachia. Kibonge anakaa mlangoni mbali na vibanzi, ndani ya tenga, anatafuna ganda la mkate na kunihimiza kwa lugha yake. Kabla ya saa sita nimemaliza kazi iliyokuwa ikinimaliza mimi mpaka jioni. Mwoka mikate alikuja kutazama, akaomba agonge ukuni mmoja, akagonga wa pili, akanogewa, na sinia nzima ya mikate ikaungua ndani. Alimsingizia paka.

Sasa, Mama, utauliza kichwa hicho cha shoka tulikipata wapi.

Ni chako. Ni lile shoka lako la mpini mweusi. Mjomba hakuliiba. Nililichukua mimi.

Tafadhali usikunje karatasi, maliza. Asubuhi ile niliyoondoka kwako, wewe ulikuwa umepeleka kuni shuleni. Nililichukua nyuma ya mlango, nikalizungushia kanga, nikalilaza chini ya nepi za mtoto ndani ya begi. Uliporudi ukanibebea begi hilo wewe mwenyewe mpaka barabarani, na mgongo wako huo, ukasema nguo za mjukuu wako nzito kama za bwana harusi. Mimi nikacheka. Mama, hicho kicheko ndicho kinachoniumiza kuliko shoka.

Nilidhani nikiondoa shoka nimeondoa kazi. Nilidhani utalitafuta siku mbili, utachoka, utakaa, utawaambia watu wa shule watafute mwingine. Sikuwa na nia ya kulitumia. Lilikaa chini ya kitanda chetu mpaka kazi ya mwoka mikate ilipokuja, na mume wangu aliponiuliza, nilimwambia umenipa. Kwa hiyo nimeiba mara moja na kudanganya mara mbili, wewe kwa kicheko na yeye kwa maneno, kwa kitu kimoja.

Kisha mdogo wangu akanipigia kusema umemshikilia Mjomba kwamba ndiye mwizi, kwa sababu aliwahi kuliazima bila ruhusa na kulirudisha limepata pengo. Aliniambia Mjomba aliapa, na wewe ukamjibu kwamba mtu aliyeahidi kuziba paa kesho kwa miaka saba asikuapie kitu. Aliniambia chakula chake sasa kinawekwa kizingitini, na kwamba umempa mpaka mwisho wa mwezi ahame chumba cha nyuma. Nilisikia yote hayo nikasema aa, pole yenu. Nikakata simu nikaenda kugonga kuni. Wiki tatu, Mama. Mgongo wangu ulikuwa unapona huku jina la Mjomba likichafuka, na mimi nikanyamaza kwa sababu kazi ilikuwa inakwenda vizuri. Nisingependa useme niliogopa tu. Niliogopa, lakini pia nilinogewa.

Juzi mdogo wangu akanipa mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba unatumia shoka la kuazima la muuza mkaa, na kichwa chake kilichomoka katikati ya pigo kikaenda kutua juu ya banda la kuku. Yeye alicheka. Mimi nilikaa chini. La pili, kwamba Mjomba amefunga godoro lake kwa kamba, na alipoulizwa anahama lini akasema kesho, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Mficha uchi hazai, na mimi nimeshazaa. Leo asubuhi nilimweleza mume wangu. Alizima mashine, akainua ile barakoa yake ya kuchomelea. Sikutegemea alichosema. Aliuliza tu kama Mjomba bado yupo. Nilisema nadhani bado. Akasema basi andika sasa hivi, barua iondoke na gari la alasiri, na Jumamosi twende wote watatu.

Kwa hiyo tunakuja Jumamosi. Shoka lako linakuja, na fremu yake, na pete yake, na nyundo nyepesi niliyoijaribu mimi mwenyewe. Hapa nitabaki na kingine alichokitengeneza kwa springi ya lori. Nitakuonyesha namna ya kukaa na namna ya kugonga, siku moja tu. Ukiona hakikufai, bolti ni mbili, zinafunguliwa kwa spana, na mpini mweusi ninao, sikuutupa. Ukitaka lirudi kama lilivyokuwa, litarudi, na utapasua utakavyo, na mimi nitanyamaza. Nilikosea kukuamulia. Ungekuwa mgongo wangu, ungeniuliza kwanza.

Mjomba nitamwomba radhi mimi mwenyewe, mbele yako na mbele ya majirani waliosikia akitukanwa. Hiyo si kazi yako na sitaki uifanye. Lakini Jumamosi ni mbali kwa mtu aliyekwisha kufunga godoro.

Msalimie mdogo wangu, mwambie achunge hilo shoka la muuza mkaa lisitoke tena nyumbani kwa mwenyewe. Wasalimie wanawake wa jikoni shuleni. Kibonge anakusalimu kwa kukanyaga hii karatasi, doa la pembeni ni mate yake na mkate, usidhani ni machozi yangu. Mungu akulinde, akupe usingizi wa chali.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Ni ya Mjomba. Sikuifunga, ukitaka isome kwanza, una haki. Ila mdogo wangu nimemkataza kuipeleka, na nimemwambia hata ukimtuma asikubali. Ipeleke wewe, Mama, leo hii. Ni hatua kumi na mbili kutoka mlango wako hadi wake. Bisha hodi.

Ni mimi binti yako mkubwa, niliye na aibu na niliye na matumaini,

Mama Kibonge